Je, Maji Hutakasa? Tohara ya Nafsi katika Imani za Mombasa

Mapema Machi 2025 mji wa Mombasa uliingia katika mifungo miwili ndani ya wiki moja: Waislamu walikuwa ndio kwanza wameanza Ramadhani, na tarehe 5 Wakristo wakapakwa majivu kwenye vipaji vya nyuso kuanza Kwaresima. Katika siku hizo nilisikia tena ubishi wa siku zote. Wapo wanaosema kwamba tohara ya kweli, yaani utakaso, ni ya moyo, na kwamba maji, majivu na njaa ni ganda tu. Na wapo wanaojibu kwamba mtu asiyeshika taratibu alizoamrishwa hana haki ya kudai kuwa moyo wake ni safi. Kila upande una hoja nzito, nami sioni kuwa ni haki kuupuuza wowote.

Tuanze na wanaoshikilia taratibu. Aya ya sita ya Sura Al-Maida inaamrisha kuosha uso, kuosha mikono hadi viwikoni, kupaka kichwa na kuosha miguu, inaruhusu mchanga safi pale maji yanapokosekana, kisha inamalizia kwa kueleza kwamba Mungu hataki kuwatia watu katika dhiki bali anataka kuwatakasa. Kwa hiyo hata mtu wa tayamamu, ambaye vumbi halimwoshi chochote, anahesabiwa kuwa ametoharika, na hapo inadhihirika kwamba tohara hii haikuwa usafi wa ngozi peke yake tangu mwanzo. Utaratibu pia humshika mkono mtu katika siku ambazo moyo wake umekufa ganzi. Aliyefiwa au aliyevunjika moyo huenda asiweze kujilazimisha kujuta wala kupenda, lakini anaweza kunyanyuka akatawadha. Vivyo hivyo kwa Mkatoliki anayeingia kwenye kitubio: kuitamka dhambi kwa sauti mbele ya padri, kwa jina lake, ni kazi ngumu kuliko kuijutia kimyakimya kitandani, na ugumu huo wenyewe ni sehemu ya dawa.

Upande wa pili nao una mashahidi wakubwa. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Yesu anabishana na waliowalaumu wanafunzi wake kwa kula bila kunawa, akisema kwamba kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka ndani yake. Mwaka 1517 Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba, akipinga dhana kwamba cheti cha rehema kilichonunuliwa kingeweza kuchukua nafasi yake. Lakini si kweli kwamba hoja hii ni ya Wakristo na ile ya kwanza ni ya Waislamu. Imamu Ghazali, aliyekuwa mwanachuoni wa sheria, aliipanga tohara katika daraja nne: kuusafisha mwili na najisi, viungo na madhambi, moyo na tabia mbaya, na mwisho siri ya ndani na kila kisichokuwa Mungu. Aliwasikitikia watu wa zama zake waliomaliza nguvu zao zote katika daraja ya kwanza, huku ndani wamejaa kiburi na riya, yaani kujionyesha kwa watu.

Hata hivyo, nisingependa tukimbilie kusema kwamba dini zote zinasema yaleyale. Mkatoliki hubatiza mtoto mchanga ili aondolewe dhambi ya asili. Mwislamu anaamini mtoto huyohuyo amezaliwa katika fitra, bila doa. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India ambao hekalu lao lipo barabara ya Langoni katika Mji wa Kale, huiona karma, yaani athari ya matendo ya mtu, kama chembe laini zinazoigandamia roho, nao hawamtazamii Muumba wa kuwasamehe, bali wanazipukutisha wenyewe kwa kujinyima. Wapo wanaokaa siku nane za Paryushan, msimu wao wa kila mwaka wa mfungo na toba, kwa maji yaliyochemshwa tu. Katika mila za Wamijikenda, uchafu wa kuvunja mwiko unaweza kuiangukia nyumba nzima, wala si mkosaji peke yake, na maji ya vuo yenye majani ya dawa hunyunyizwa mbele ya jamaa. Haya ni majibu tofauti kwa maswali tofauti.

Mahali ambapo kwa maoni yangu imani hizi zinakaribiana zaidi ni kwenye haki ya mja, yaani haki ya mwanadamu mwenzako. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kiislamu, anaeleza kwamba toba ina masharti matatu, nayo ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, lakini dhambi ikimhusu mwanadamu mwingine linaongezwa la nne: kumrudishia haki yake. Katika Injili ya Mathayo, anayekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka palepale, akapatane naye kwanza. Wajaini huimaliza Paryushan kwa kuombana radhi, kila mtu na mwenzake.

Nililiona jambo hili kwa macho msikitini, Kibokoni, wiki ambayo mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka na maji yakinunuliwa kwa mitungi ya lita 20 kutoka mikokotenini. Kijana mmoja alikuwa akitawadha, mfereji wa tangi umefunguliwa wote, maji yakimiminika hata alipokuwa akisugua mikono. Mzee aliyekaa pembeni na kopo lake alimwambia kwa upole, "Mwanangu, funga kidogo. Hayo ni ya wenzako." Mtume, kwa mujibu wa Hadithi sahihi, alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne. Yule kijana alitimiza kila nguzo ya udhu, na bado alikuwa akichukua cha watu.

Taratibu zisizojali haki ya mtu zinaweza kufika mbali kuliko maji ya msikiti. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Wengine walisema tatizo lilikuwa mfungo wenyewe. Mimi naona ni mfungo uliovuliwa mipaka yake, kwa sababu Uislamu unamwondolea mgonjwa na msafiri wajibu wa kufunga, na Kanisa Katoliki halimlazimishi mtoto wala mgonjwa.

Ndiyo maana nikiombwa mfano wa tohara inayoziridhisha pande zote mbili, huitaja zaka ya fitri. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba imewekwa kumtakasa mfungaji na maneno ya upuuzi, na kuwa chakula cha maskini. Ikicheleweshwa hadi baada ya sala ya Idi, inahesabiwa sadaka ya kawaida tu. Ni pishi moja ya nafaka kwa kila kichwa, nayo haina budi kuwa imefika nyumbani kwa mwenye haja kabla mtoaji hajasimama safuni.