Sikio Likipigwa na Kelele: Prednisoloni Leo, au Tusubiri Kwanza?

Aliyekesha kando ya spika kwenye disko matanga huko Seme hurudi nyumbani alfajiri sikio moja limeziba kama limetiwa pamba, ndani yake kuna mlio wa "nziii" usiokatika. Fundi wa jua kali pale Kamas, Kisumu, hupatwa na yayo hayo tairi likimpasukia karibu. Wengi wao huanzia kwa kemisti, wakarudi na matone ya sikio na vitamini B. Siku tano hizo, zimekwenda.

Wanaotibu masikio wana ubishi wao. Kuna wanaotaka mgonjwa aanze prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza uvimbe, siku hiyo hiyo, na kuna wanaotaka asubiri.

Wanaosubiri wana hoja nzito. Kelele ikichosha seli zenye vinywele ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, usikivu hushuka kisha hupanda wenyewe, mara nyingi ndani ya saa 16 hadi 48. Mpe mtu huyo vidonge Jumapili, Jumanne akisikia vizuri, dawa itabeba sifa isiyo yake. Isitoshe, tafiti nyingi za masikio yaliyopigwa na bunduki au mlipuko ni za wanajeshi, tena nyingi hazina kundi la kulinganisha la kuridhisha. Dozi yenyewe imeazimwa kutoka ugonjwa mwingine, uziwi wa ghafla usiojulikana chanzo. Na hata kwa ugonjwa huo, mwongozo wa Marekani wa 2019 unasema daktari anaweza kutoa steroidi ndani ya wiki mbili za mwanzo; haumlazimishi.

Wenye haraka nao hawabahatishi. Seli hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu, na kifo chake hakiishi usiku wa kelele: huendelea kwa siku kadhaa baadaye. Mwaka 2009 Kujawa na Liberman walionyesha kwamba panya waliopigwa kelele walirudi kusikia sawa kwa kipimo, ilhali viungio vingi kati ya seli na mshipa wa fahamu vilikuwa vimepotea moja kwa moja. Kwa hiyo "amepona" inaweza kuwa nusu ya habari. (Panya hao, lakini, hawakuthibitisha kwamba prednisoloni ingeviokoa viungio hivyo. Wengi huruka hapo.)

Kwetu sisi, swali la kwanza ni sehemu gani ya sikio imeumia, na hilo mtu huweza kulikisia kabla ya kufika hospitali. Funga mdomo, vuma "mmmm" kwa sauti nzito. Mvumo ukisikika zaidi upande wa sikio bovu, huenda ni nta au kiwambo cha sikio (ngozi nyembamba inayotenga tundu la sikio na sehemu za ndani) kilichotoboka, na prednisoloni haina kazi hapo. Ukihamia upande mzima, shuku sikio la ndani. Sikio liangaliwe kwa taa, kisha kipimo cha usikivu kifanywe kwenye chumba kimya, hewani na kupitia mfupa. Pigo la kelele hupenda kuacha shimo kwenye chati kwenye sauti nyembamba, kati ya herzi 3000 na 6000, hasa 4000. Usikivu ukiwa umeanguka desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi kwenye masafa matatu ya sauti yanayofuatana kwenye chati hiyo, hatuoni sababu ya kungoja. Ukianguka kidogo tu, kimya cha siku mbili na kipimo cha pili vinatosha.

Dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipite 60, asubuhi baada ya chakula, siku 7 hadi 14, kisha hupunguzwa polepole. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 12 vya miligramu 5 kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo mambo huharibika: anaviona ni vingi mno, anavigawa viwili asubuhi viwili jioni, na anabaki na madhara ya dawa bila nguvu yake. Kabla ya kuanza, pima sukari na presha, uliza kuhusu vidonda vya tumbo na kikohozi cha wiki mbili. Steroidi huweza kuamsha TB iliyolala, na ukanda wa ziwa si mahali pa kulisahau hilo.

Matone yenye jentamaisini yasiingizwe kwenye sikio ambalo kiwambo chake hakijaonekana; yakipenya tundu yanaweza kuua seli zile zile tunazozihangaikia. Tundu dogo la mlipuko kwa kawaida hujifunga ndani ya wiki kadhaa likiachwa kavu.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, bado kuna sindano ya steroidi kupitia kiwambo, kati ya wiki ya pili na ya sita. Hiyo ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo, kwa hiyo rufaa iombwe mapema.

Kurudi kwenye grainda kusubiri kipimo cha pili. Sheria ya kelele kazini Kenya inaruhusu desibeli 90 kwa saa 8. Kwa hesabu kali zaidi, inayoanzia 85 kwa saa 8 na kukata muda nusu kila zikipanda 3, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Pamba ya kawaida haizuii kelele hiyo. Kizibo cha sponji husokotwa kikawa chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kikaingizwa na kushikiliwa kama nusu dakika hadi kifure.