Tovuti ya mpinzani inapendeza, ila inampendeza nani?

Mama mmoja mwenye mgahawa Soweto, Mbeya, anataka tovuti, na maelekezo yake ni mafupi: iwe kama ya wale wa Uhindini. Wapinzani wake hao wana ukurasa mweusi wenye maandishi ya dhahabu, video ya nyama ikigeuzwa jikoni na kitufe kimoja tu, "Weka nafasi". Vijana wanaotengeneza tovuti wanausifu sana. Wenye migahawa ya Mwanjelwa wanasema ni mbwembwe.

Tuwape wa Uhindini haki yao kwanza. Ukurasa umetulia: picha moja moja, nafasi ya kutosha pembeni, rangi mbili zinazojirudia mpaka kwenye nembo. Tovuti nyingi za migahawa hapa kwetu zimejazwa kama kipeperushi cha mnada, nyekundu na njano, namba ya simu kila kona. Mtu aliyeko Dar anayepanga kuja Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, au ofisa anayetafuta pa kulisha wajumbe wa kikao, akiuona utulivu ule anaamini hata jikoni mambo yamepangika. Imani hiyo ni pesa. Wanaocheka mbwembwe hawajawahi kumpoteza mteja wa aina hiyo kwa sababu hawajawahi kumpata.

Hata dhahabu juu ya weusi, ambayo wengi wanadhani haisomeki, inasomeka vizuri tu. Tatizo liko chini yake, kwenye maelezo ya chakula, yaliyoandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu kilichofifia. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu ambacho namba yake ya rangi kwenye kompyuta ni 666666, kikiwa juu ya weusi mtupu, kinafika takriban 3.7 kwa 1. Ukiwa ofisini mbele ya kompyuta utavumilia. Simama Kabwe saa saba mchana, jua la utosini, mwanga wa simu umeushusha kulinda chaji, uone: kioo cheusi kinakuonyesha sura yako badala ya menyu.

Video nayo inaanza kucheza yenyewe. Kwa aliye kwenye waifai ya hoteli ni burudani. Kwa aliyejiunga bando la siku ni MB zinazoondoka kabla hajajua kama leo kuna ndizi.

Kinachoniudhi zaidi ni sahani zenyewe. Samaki wa pichani ni salmoni, nyama ya rangi ya chungwa, kipande cha limau juu; picha ya kununua mtandaoni, inaonekana wazi. Mji huu unakula mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, mbasa wa Ziwa Nyasa, parachichi za Rungwe. Mtetezi atasema mpiga picha ni gharama. Sawa, lakini simu ya kawaida na sahani iliyowekwa karibu na dirisha, bila flashi, inatoa picha ya kutosha, na mteja akifika atakikuta alichokiona.

Bei hazipo kabisa, na hapa naielewa hofu yao. Bei ya wali uliyoiandika baada ya mavuno inaweza kukufunga mchele ukiadimika, na menyu iliyopachikwa kama faili la PDF mhudumu hawezi kuigusa. Lakini asiyeona bei hudhani ni kubwa. Hapigi simu kuuliza, anaenda kwingine.

Nimemshauri mama achukue ule utulivu na zile nafasi, rangi ya nyuma iwe nyeupe, video aiache, na menyu iwe maandishi ya kawaida yanayobadilishwa kwa simu, juu yake pameandikwa "Bei za wiki hii". Yote amekubali isipokuwa kuachana na weusi. Tumemalizana kwamba utabaki juu kabisa ya ukurasa, kwenye jina la mgahawa, pamoja na dhahabu yake.