Musa na yule Mmisri: imani au hasira?

Watoto wa shule ya Jumapili hufundishwa kisafina alichofichwa Musa mchanga, wakubwa huhubiriwa kijiti kinachowaka moto, pale Mungu alipomtuma. Kilichoko katikati hupitiwa harakaharaka, kwa sababu pana maiti. Kitabu cha Kutoka 2:11-12 kinasimulia kwamba Musa, alipokwisha kuwa mtu mzima, aliwaendea ndugu zake, akaona wanavyoteswa kwa kazi ngumu, akamkuta Mmisri akimpiga Mwebrania. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akamuua yule Mmisri na kumfukia mchangani. Mwandishi hasemi kama Mungu alipendezwa au alikasirika. Ukimya huo umewagawa wasomaji kwa karne nyingi.

Wanaomtetea Musa wana shahidi mkubwa: Stefano, katika Matendo 7. Anasema Musa alikuwa na miaka 40, alimtetea aliyeonewa, na alidhani ndugu zake wangefahamu kwamba Mungu anawaokoa kwa mkono wake, lakini hawakufahamu. Katika hotuba hiyo wanaolaumiwa ni ndugu. Thomas Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliyategemea maneno hayo alipoandika kwamba yaelekea Musa aliua kwa mamlaka aliyopewa na Mungu kwa ndani. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, nao unamweka kati ya mashujaa wa imani: alikataa kuitwa mwana wa binti Farao, akachagua kuteswa pamoja na watu wa Mungu.

Upande wa pili, unaomlaumu Musa, nao hauna wanyonge. Augustino, askofu wa Hippo, akimjibu Fausto Mmanikayo, yaani mfuasi wa dini ya Mani, alisema mtu asiye na mamlaka halali hakupaswa kumuua yule Mmisri, hata kama Mmisri mwenyewe alikuwa mwovu. Lakini, aliongeza, roho ya Musa ilikuwa kama ardhi inayoota magugu kwa sababu ina rutuba. Na ndugu zetu Waislamu, wanaoisoma habari hii katika Sura ya 28, Al-Qasas, wanaikuta imeamuliwa waziwazi: Musa anapiga ngumi, mtu anakufa, naye papo hapo anasema hiyo ni kazi ya Shetani, anaomba msamaha na kusamehewa.

Mahubiri yetu mengi hufuata upande wa pili, ila kwa sababu ambayo mimi naiona dhaifu. Tunaambiwa kosa la Musa lilikuwa kumtangulia Mungu, kutenda kabla ya kutumwa. Hebu tusome tena sura mbili za mwanzo. Mungu hatoi agizo hata moja kwa mtu yeyote mpaka sura ya 3, penye kijiti. Wakunga Shifra na Pua hawakutumwa. Walimcha Mungu, basi wakakataa amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume, na walipoulizwa wakamwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania hujifungua kabla mkunga hajafika. Mama yake Musa, ambaye jina lake Yokebedi tunalipata baadaye katika 6:20, katika Kutoka hakusikia sauti wala kuota ndoto. (Katika Qurani ndiyo, Mungu anamtia moyoni la kufanya.) Kama kutenda bila kutumwa ni kosa, hawa wote wamekosa, na Musa asingefika siku ya nane ya maisha yake.

Na tazama mama yule alivyofanya kazi. Alimficha mtoto miezi mitatu. Aliposhindwa, alitwaa kisafina cha manyasi, akakipaka lami ili maji yasiingie, akakiweka penye matete, karibu na ukingo. Dada wa mtoto akasimama kwa mbali kuona yatakayotokea. Amri ya Farao ilikuwa mtoto wa kiume atupwe mtoni; basi mtoni akawekwa! Binti Farao alipomhurumia, dada akatokea na pendekezo la kumtafutia mlezi wa Kiebrania, na mama akarudishiwa mwanawe mwenyewe amnyonyeshe, tena kwa mshahara wa nyumba ile ile iliyotaka afe. Waraka kwa Waebrania unakuita kule kumficha imani. Imani hiyo ilijua kupaka lami.

Kwa hiyo tukitaka kumkosoa Musa, tumkosoe kwa alichofanya, si kwa kukosa barua ya kutumwa. Yapo mawili yanayonisumbua: kutazama huku na huku, na ule mchanga. Wako wafasiri wa Kiyahudi wanaosema alitafuta mtu wa kuingilia kati, akakosa, ndipo akasimama yeye. Ni usomaji mzuri, na ningeukubali kama maiti isingefichwa.

Gharama yake ilionekana kesho yake. Alikuta Waebrania wawili wakipigana, safari hii akatumia mdomo: kwa nini unampiga mwenzako? Jibu likamrudia usoni: nani amekuweka uwe mkuu na mwamuzi wetu, unataka kuniua kama ulivyomuua yule Mmisri? Ni kweli aliyejibu hivyo ndiye aliyekuwa na makosa, na neno lake si hukumu ya Mungu. Lakini damu ya jana ilikwisha kumnyang'anya Musa haki ya kusikilizwa leo.

Baadaye, akiwa amekimbilia nchi ya Midiani, kisimani, wachungaji wanawafukuza mabinti saba wa kuhani. Musa anasimama, anawasaidia, ananywesha kundi lao. Moyo ni ule ule usiovumilia uonevu, na hakuna aliyekufa. Kwangu hapa ndipo Waebrania 11 inaposhikamana na Kutoka: waraka ule unasifu kuchagua upande wa watumwa, na haumtaji kabisa Mmisri aliyeuawa.

Ile hoja kwamba miaka 40 ya Midiani ilikuwa adhabu au shule nayo ipunguzwe sauti. Kutoka inatoa sababu ya kawaida kabisa: Farao alitaka kumuua. Anaruhusiwa kurudi, katika 4:19, akiambiwa kwamba waliomtafuta wamekwisha kufa.

Tena kutumwa hakukumletea makofi ya shangwe. Alirudi Misri na fimbo na ishara, Farao akawanyima watu majani ya kufyatulia matofali huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile, na wasimamizi wa Kiisraeli, migongo imechapwa, wakamlaumu yeye na Haruni kwamba wamempa Farao upanga wa kuwaulia. Ni lawama nzito kuliko ile ya miaka 40 nyuma. Mara hii Musa hakumgusa mtu wala hakukimbilia Midiani. Alimrudia Mungu kwa malalamiko, akamuuliza kwa nini amewatendea watu hawa mabaya, na kwa nini alimtuma.