Baiskeli yoyote? Labda hadi Port-Lauragais

Ndugu mwandishi, umesema njia ya kando ya Canal du Midi, ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa, inafaa baiskeli yoyote. Hapo sikubaliani nawe. Kutoka mji wa Toulouse ni lami safi, sawa. Ukishapita Port-Lauragais, bandari ndogo ya mashua kwenye mfereji huo, unakutana na udongo na changarawe, na mizizi ya miti ya platani imeinua njia kama mgongo wa mamba. Tairi nyembamba za mbio zitakutesa. Weka za upana wa milimita 40 na upepo usijaze sana. Kivuli nacho usikitegemee kote, maana tangu 2006 miti inakatwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu. Maji yakiisha, ingia makaburini kijijini, mara nyingi pana bomba. Na Jumatatu maduka mengi ya mikate hufungwa, nunueni mapema.