Je, Ford iliununua ushindi wa Le Mans?

Baada ya Ferrari kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kila mwaka kuanzia 1960 hadi 1965, Ford ya Marekani ilishinda mara nne mfululizo, 1966 hadi 1969. Wapo wanaoshikilia kwamba ushindi huo ulinunuliwa, na hoja yao ina uzito. Enzo Ferrari alipovunja mazungumzo ya kuiuzia Ford kampuni yake mwaka 1963, Henry Ford wa Pili alifungua hazina, na mwaka 1966 kampuni yake ikapeleka Le Mans magari manane ya Mk II, toleo la pili la gari lake la mbio la GT40, ambayo ni matatu tu yaliyomaliza, yakishika nafasi tatu za kwanza. Isitoshe, GT40 ilizaliwa Slough, Uingereza, kutokana na gari la kampuni ya Kiingereza ya Lola lililobuniwa na Eric Broadley.

Lakini fedha zilikuwapo pia mwaka 1964 na 1965, na miaka hiyo hakuna GT40 hata moja iliyomaliza mbio. Kilichobadilika baadaye ni kazi ya mafundi. Injini ya lita 7 ya Mk II ilizunguka polepole kuliko ile ya Ferrari ya lita 4, kwa hiyo haikulemewa, na huko Michigan iliendeshwa maabara kwa saa nyingi ikiigiza mizunguko ya Le Mans, gia kwa gia. Uzito wa gari uliunguza breki, ndipo timu ya Carroll Shelby, Mmarekani aliyeyaendesha magari ya Ford katika mbio hizo, ikabuni njia ya kubadilisha diski zake upesi wakati wa kujaza mafuta. Dereva Ken Miles, aliyefanya majaribio mengi ya magari haya, alifariki Agosti 1966 akijaribu gari lililokuja kuwa Mk IV, toleo lililofuata. Anayeona fedha tupu katika ushindi huu anamdhulumu.

Mk IV hiyo, iliyojengwa Marekani, ilishinda mwaka 1967 ikiendeshwa na Wamarekani, Dan Gurney na A.J. Foyt, ikaziacha Ferrari mbili nafasi ya pili na ya tatu.

Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi ulikuja baada ya Ford kujiondoa rasmi. Timu ya John Wyer, Mwingereza, ilishinda mwaka 1968 kwa GT40, na gari lile lile likashinda tena mwaka 1969, Jacky Ickx akiitangulia Porsche kwa takriban mita 120 tu. Heshima ya ushindi huo inawastahili Waingereza na Wamarekani kwa pamoja, lakini hapakuwa tena na kundi la magari manane la kuusababisha.