Sonona si uvivu, na kopo la virutubisho haliitibu

Siku hizi hapa Newala, mkoani Mtwara, kuna maelezo mapya ya huzuni isiyokwisha. Zamani mtu akijifungia ndani na kuacha mikorosho yake imezwe na majani, tulisema amechezewa, au tulisema ni mvivu tu, anategemea jasho la mkewe. Sasa klipu za WhatsApp zimetuletea la tatu: "homoni ya furaha imepungua." Nimelisikia msibani, nimelisikia kijiweni, na stendi nimelisikia likiuzia makopo ya virutubisho. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafurahi kuona ubongo umeingia kwenye mazungumzo yetu. Lakini maelezo haya yanamwacha mgonjwa palepale alipokuwa. Aliyeambiwa ana jini anasubiri mganga amtoe. Aliyeambiwa ana upungufu anasubiri kopo limjaze. Hakuna anayemuuliza maisha yameufundisha nini ubongo wake.

Msimamo wangu ni huu: sonona, yaani hiyo huzuni isiyokwisha, ni ugonjwa wa kweli, na uko kwenye ubongo. Kurithi kuna sehemu yake, maana tafiti za mapacha zinakadiria zaidi ya theluthi moja. Sehemu kubwa inayobaki inatokana na yale ambayo ubongo umepitia na kuyashika. Kwa hiyo tiba inayogusa kemikali peke yake, bila kugusa usingizi wa mtu, mikono yake na watu wake, ni nusu ya tiba.

Habari ya kemikali ilianza kwa bahati. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, kisiwa cha Staten huko New York, wagonjwa walipewa dawa mpya iliyoitwa iproniazidi. Wengine wakachangamka kuliko ilivyotarajiwa, watu waliokuwa wamelala hoi wakaanza kucheza dansi wodini. Baadaye ikagundulika kuwa dawa hiyo inazuia kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini, ndiyo hiyo "homoni ya furaha" ya klipu, na kemikali nyingine zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Wataalamu wakakata shauri: kama kuziongeza kunainua moyo, basi huzuni ni upungufu wa kemikali hizo. Fluoksetini, inayozuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli, iliporuhusiwa Marekani mwaka 1987, maelezo hayo yakaenea duniani kote.

Tatizo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Dawa hizi zinabadilisha kiwango cha serotonini ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kupata nafuu baada ya wiki mbili, tatu, hata sita. Lingekuwa suala la kujaza kilichopungua tu, nafuu ingekuja siku hiyohiyo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa Uingereza walipitia tafiti za miongo mingi na hawakukuta ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini kidogo kuliko wengine. Asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili haiko hata kichwani, iko tumboni.

Hapo wengine huruka kusema dawa ni utapeli. Hapana. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wenye majaribio 522 na wagonjwa zaidi ya 116,000, ulionyesha dawa zote 21 zilizopimwa zinashinda kidonge kisicho na dawa, ingawa kwa kiasi cha wastani. Inavyoelekea, dawa zinausaidia ubongo kulegea na kujifunza upya, seli za neva zikiota matawi mapya, na ndiyo maana zinachukua wiki. Kama unameza amitriptilini au fluoksetini uliyoandikiwa na daktari, endelea nayo. Usiikatishe ghafla kwa sababu ya makala hii.

Sasa nije kwenye dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe kwenye ubongo, maana hapa ndipo sayansi inapozungumza na watu wa korosho.

Miaka ya 1990, mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani akiwapa matone ya juisi. Mara ya kwanza seli zilifyatuka juisi ilipofika. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikahamia kufyatuka taa inapowaka, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Kisha akawasha taa bila kuleta juisi. Saa ileile ambayo juisi ilipaswa kufika, seli zikanyamaza, zikashuka chini hata ya kiwango chao cha kawaida. Kumbe dopamini hainadi raha. Inapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Fikiria basi msimu wa 2017, bei ya korosho ghafi mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walinunua mabati, pikipiki, wakapeleka watoto shule za bweni, wakakopa wakijua mwakani watalipa. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000. Wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Novemba serikali ikatangaza kununua yote kwa 3,300, lakini wengi walikaa muda mrefu bila fedha kuingia akaunti. Ukiangalia tarakimu peke yake, 3,300 ilikuwa bei ambayo miaka michache nyuma ingepigiwa vigelegele. Ubongo hauhesabu hivyo. Ulishajifunza 4,000, taa ilishawaka, na kila siku ambayo ujumbe wa benki haukuingia kwenye simu ilikuwa juisi isiyofika.

Ndiyo maana naudhika mtu anaposema, "Mbona miaka ile mlikuwa maskini zaidi na hamkuugua mawazo?" Umaskini uliouzoea na pigo usilolitegemea haviuingii ubongo kwa mlango mmoja. Huku kwetu maisha ya mwaka mzima yanafungwa kwenye minada ya miezi michache, kwa zao moja, kwa bei ambayo mkulima hana sauti nayo.

Kutokuwa na sauti ni jambo lenye uzito wake peke yake. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye wengi wao walishindwa kuzikimbia hata njia ilipokuwa wazi. Walilala chini tu. Kwa miaka mingi ilisemwa wanyama hao wamejifunza kukata tamaa. Lakini Maier alipoingia ndani ya ubongo, akiwatumia panya, picha ikageuka, na mwaka 2016 yeye na Seligman wakaandika upya nadharia yao. Kulala chini mbele ya mateso yasiyokatika ndiyo hali ya kuzaliwa nayo. Kinachojifunzwa ni kinyume chake. Sehemu ya mbele ya ubongo hugundua kwamba "nikifanya hivi, jambo linabadilika," na ikishajua hivyo inalizuia lile shina la chini linaloamuru mwili unyong'onyee. Ubongo uliowahi kuonja kuwa na amri unakuwa na kinga fulani hata shida nyingine ikija.

Nilipolielewa hili, niliacha kuwaangalia vijana wa vijiweni kama nilivyokuwa nikiwaangalia. Nimeshuhudia mjomba akimwita mpwa wake mbele ya watu. Kijana akaja, akasema "Shikamoo mjomba," na kabla hata ya kuitikiwa vizuri akasomewa orodha: hukupulizia salfa, hukupalilia, hukuenda kwenye kikao cha ukoo, unalala mpaka saa nne. Mjomba alikuwa na uchungu wa kweli, na kwa mila zetu za upande wa mama ndiye mwenye haki ya kusema. Ila kila alichokitaja kingeweza kuwa dalili. Kukosa hamu, mwili mzito, usingizi uliovurugika na kujitenga, vikikaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, mhudumu wa afya anaviandika kama dalili za sonona. Karipio halikumpa kijana yule jambo hata moja aliloweza kulibadilisha siku ile. Angeambiwa, "Twende tukapalilie mikorosho mitano tu, kisha tutakula," ingekuwa karibu zaidi na tiba. Ipo tiba rasmi inayofanya hivyo hasa: kuanza na vitendo vidogo vinavyoonekana matokeo yake, bila kusubiri hamu irudi kwanza. Hamu hufuata nyuma.

Mwili nao una neno lake. Msongo ukikaa muda mrefu, kotisoli, homoni ya msongo, haishuki inavyopaswa usiku, na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, hudhoofika. Usiku mmoja bila kulala unatosha kuifanya amigdala, kengele ya hofu, iwe nyepesi kupiga siku inayofuata. Na kwenye msimu wa mabibo kuna uraka, pombe yake. Unaleta usingizi wa haraka na kuuvunja usiku wa manane, mtu anaamka saa tisa na mawazo yaleyale, sasa yakiwa makali zaidi. Anayekunywa ili alale anaongeza ugonjwa. Na kabla ya kuhukumu, pimeni damu pia: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi polepole huweza kufanana kabisa na sonona.

Wengi wetu tunaanza kwa mganga. Sitaki kumcheka mtu kwa hilo. Mganga anakaa na mgonjwa saa nzima, anauliza habari za nyumbani, anaita ndugu. Zahanati yenye foleni ndefu haiwezi kumpa dakika kumi. Anayetaka watu waje hospitali ajiulize hospitali inawapa nini cha kuwasikiliza.

Zimbabwe walilijibu swali hilo. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani, kuanzia Mbare jijini Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kushughulika nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tatizo moja, hatua moja, mtu mmoja anayesikiliza. Linalingana kabisa na ile habari ya ubongo kuonja amri.

Sisi tuna kina somo na manyakanga wa unyago, wanawake ambao mabinti wanawaambia yale wasiyowaambia mama zao. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika kila nyumba. Wakifundishwa maswali tisa ya kupima sonona, na kujua ni wakati gani wa kumpeleka mtu kituo cha afya, au hospitali ya Ligula au ya Ndanda, tutakuwa na benchi letu bila kujenga kitu. Wazazi waliotoka kujifungua wawe wa kwanza kuulizwa, maana wao huambiwa "furahi, umepata mtoto" wakati wanazama.

Mojawapo ya maswali hayo linahusu mawazo ya kufa, na watu wanaogopa kuliuliza wakidhani watayapanda mawazo hayo kichwani mwa mtu. Utafiti haukuonyesha hivyo. Kuuliza waziwazi humpunguzia mtu mzigo wa kuficha. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na mwende pamoja kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kuna jambo vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kuliamua kwenye mkutano mkuu ujao. Viuatilifu vya mikorosho visilale chini ya uvungu majumbani. Viwekwe kwenye ghala la chama chini ya kufuli, mkulima achukue cha kupulizia siku hiyo. Sri Lanka walipiga marufuku sumu za mashambani zilizo kali zaidi, na vifo vya kujiua nchini humo vikashuka sana. Wimbi baya la huzuni mara nyingi hupita ndani ya saa chache, na mtu ambaye sumu haikuwa karibu naye usiku ule ana nafasi ya kufika asubuhi na kutibiwa.