Baba Mkwe Alisimama Kushoto

Jumatatu mpira wa watoto ulipotea uani kwetu. Uliingia kwenye nyasi, wakausaka mpaka giza likaingia, wasiuone. Jumatano mke wangu akapokea simu, akaikata, akaniambia baba yake anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Hakuongeza neno. Alichungulia dirishani, akanitazama, akachungulia tena dirishani.

"Fyekeo si liko stoo?"

Fyekeo lilikuwapo, mpini ndio haukuwapo. Na hata ungekuwapo, mimi na lile fyekeo tuna kesi ya zamani iliyonilaza kitandani siku tatu na maji ya moto kiunoni. Nikamwambia nitatafuta mashine.

Kosa langu likawa kuuliza watu. Jirani, mzee ambaye ua wake umenyolewa kama kichwa cha kuruti, akasema mashine ni ya petroli, hizo nyingine ni midoli. Shemeji yangu akasema petroli ni moshi na kelele, chukua ya waya, unachomeka unafyeka, basi. Mdogo wangu akawacheka wote wawili. Huyu aliwahi kununua drili ya betri, na tangu siku hiyo hununua kila kitu kinachoingia betri ileile: msumeno, tochi, kipulizia majani, na mashine ya kufyekea nyasi. Anaishi ghorofa ya tatu. Hana hata chungu cha maua.

Kila mmoja akaniazima ya kwake ili kuwaumbua wenzake. Ijumaa usiku mashine tatu zilikuwa zimeegemea ukuta wetu kama wachumba waliokuja kuposa siku moja, na mimi nikalala nikijiona tajiri.

Kwa asiyezijua, zote tatu ni ndugu wa tumbo moja. Chini kuna kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni, na uzi huo ukizunguka kwa kasi hujinyoosha wenyewe, ukakakamaa, ukakata majani. Wazo lilimjia Mmarekani mmoja, George Ballas wa Houston, Texas, mwaka 1971, gari lake likiwa linaoshwa kwa mashine. Aliona brashi zinavyojinyoosha zikizunguka, akarudi nyumbani, akachukua kopo tupu, akalitoboa, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine ya kukatia kingo za bustani. Mimi nimeingiza gari kwenye mashine za kuoshea miaka yote, na wazo pekee lililowahi kunijia humo ni kwamba nimesahau kupandisha kioo.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uani. Jirani alinisisitizia nivae miwani ya kukinga macho. Sikuwa nayo, nikavaa ya mwanangu ya kuogelea, ya rangi ya chungwa, yenye picha za samaki pembeni. Ilinibana hata nyusi zikapanda juu, nikaonekana kama mtu aliyepewa habari na bado haamini.

Nikaanza na ya petroli, kwa heshima ya umri wa mwenyewe. Injini yake haina mahali pa oili kama gari. Oili unaichanganya humohumo kwenye petroli. Kwenye kifuniko mzee alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: 50 kwa 1. Yaani lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili. Kipimo cha mililita pekee kilichokuwa nyumbani ni kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto. (Nilinunua kingine. Hilo lilikuwa sharti.) Nikachanganya, nikatikisa, nikajaza. Nikabonyeza kile kipira cha kuvutia mafuta mara sita, nikafunga choki, nikavuta kamba.

Kimya.

Nikavuta tena. Nikavuta kwa mkono wa kushoto. Nikafungua choki, nikavuta; nikaifunga, nikavuta. Nilipofika mara ya ishirini harufu ya petroli ilikuwa imetanda ua mzima, na mimi nilikuwa nimeacha kuvuta kwa akili, navuta kwa hasira. Dirisha likafunguka.

"Baba watoto, kelele. Watu wamelala."

"Haijawaka hata!"

"Wewe ndiye unayepiga kelele."

Mara ya arobaini nikailaza chini, polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Ya waya, jamani, niliipenda. Nyepesi kama fagio. Unabonyeza, inaimba. Haina choki wala kikombe cha dawa. Tatizo ni kwamba ina mkia. Ilibidi niunganishe ekstensheni mbili ili nifike mwisho wa ua, na shemeji alikuwa amenionya mara tatu: "Shemeji, wengi hukata waya wao wenyewe. Upitishe begani, uwe nyuma yako, usiuondolee macho." Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikafyeka dakika kumi na tano nzima shingo imegeukia nyuma kama bundi, waya naulinda kama mtoto mchanga. Mbele sikuwa natazama hata kidogo.

Nikasikia mlio kama wa karatasi inayochanwa. Nimepata mpira.

Si ule wa watoto. Mpira wa maji, wa kumwagilia maua, uliokuwa umejilaza kwenye nyasi tangu mvua zilipoanza, bomba likiwa wazi na kizibo cha mbele kimefungwa, maji yamebanwa humo ndani yakisubiri mtu kama mimi. Uzi uliutoboa tundu moja safi, na tundu hilo lilikuwa linanitazama usoni. Hapo ndipo miwani ya kuogelea ilipoonyesha thamani yake.

Nikaruka nyuma. Mpira ukajinyonga kama nyoka, maji yakapaa, yakatua sawasawa pale ekstensheni mbili zilipokutana. Mashine ikanyamaza. Redio ya jikoni ikanyamaza. Friji, ambalo huwa hata sisikii kama linalia, nikalisikia likinyamaza. Ile swichi ya usalama iliyo kwenye boksi la umeme, ambayo kwa kawaida hukata pakivuja ardhini umeme wa miliampia 30 tu, ilikuwa imefanya kazi yake kabla mimi sijafikiria kuogopa. Sijawahi kukishukuru kifaa cha plastiki kiasi kile.

Mke wangu akatoka na shati langu jeupe mkononi. Alikuwa analipiga pasi. Upande wa kulia ulikuwa umenyooka kama karatasi, wa kushoto ulikuwa vilevile ulivyotoka kwenye kamba. Akautazama mpira, akayatazama maji, akanitazama mimi na samaki zangu.

"Umekata nini?"

"Sijakata. Nimetoboa."

Akaenda kufunga bomba, akarudi, akalitundika shati mlangoni. "Nusu iliyobaki utanyoosha mwenyewe."

Nikachomoa waya zote, nikarudisha swichi, nikaendelea na mchumba wa tatu. Saa tatu ilikuwa imeshapita.

Sifa nitoe kwa haki: ya betri ndiyo niliyokuwa naitafuta maisha yangu yote. Hakuna mkia, hakuna petroli, kelele zake kama feni. Nilianzia getini nikawa nasonga, majani yanalala, nikaanza hata kupiga mluzi. Nikawa natunga moyoni ujumbe wa kumtumia jirani kuhusu midoli. Nilipofika katikati ya mluzi, mashine ikashusha pumzi, ikazima.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, nimekaa. Betri ya mdogo wangu ilikuwa ya volti 18 na ampia-saa 4. Zidisha, unapata wati-saa 72. Mashine inayokula wati 400 kwenye nyasi nene huimaliza hiyo kwa dakika kumi na moja hivi, na nyasi zangu hazikuwa nene tu, zilikuwa zimelowa, na aliyezilowesha namjua kwa jina na makazi yake. Ile drili yake hutumia betri hiyo mwezi mzima, kutoboa matundu mawili ya kutundikia picha. Ndiyo maana aliniapia kwamba haiishi.

Nikaipeleka kwenye chaja. Nikarudi nikasimama kuuangalia ua. Getini kumenyooka, nyuma kuna kinamasi, katikati ni msitu. Ulikuwa kama kichwa cha mtoto aliyemtoroka kinyozi.

Saa nne kamili, geti likagongwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. Nikakumbuka miwani, nikaipandisha kwenye paji la uso, jambo ambalo halikusaidia. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe, safi, limenyooka pande zote mbili.

Hakuuliza kuhusu maji. Hakuuliza kuhusu waya zilizoanikwa kwenye kamba ya nguo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa yule mgonjwa aliyelala majanini. "Hii ina nini?"

"Imekataa kuwaka, baba. Nimeivuta sana."

Akachutama. Akaigeuza. Kwa kidole kimoja akasukuma kiswichi chekundu kilicho pembeni ya mshikio, kilichoandikwa, nikitazama vizuri, "ZIMA" kwa michoro ambayo hata mtoto angeielewa. Nilikuwa nimevuta mara arobaini injini ambayo haikuwa na cheche hata moja. Petroli ilikuwa inaingia tu, inakaa. Akafungua plagi ya kutoa cheche, akaipangusa kwa leso, akavuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili mafuta yaliyojaa yatoke, akairudisha. Akavuta mara mbili. Ikanguruma mpaka kunguru wakaruka.

Akanikabidhi. Kama angefyeka mwenyewe, hadithi ingeishia hapo. Lakini alitaka kunifundisha, na ili anifundishe ilibidi asimame karibu. Mwongozo wa mashine hizi husema watu wakae mita 15 mbali. Yeye alisimama kama mita tatu, kushoto kwangu.

"Usiizamishe," akapaza sauti. "Kata kwa ncha ya uzi! Gonga kichwa chini, uzi utaongezeka!"

Nikagonga, uzi ukaongezeka. Nikaona raha ya petroli. Mzee jirani hakudanganya, ile ina nguvu. Nikaingia msituni. Sasa naomba mnielewe mambo mawili. La kwanza, kichwa cha mashine ile huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo kinachoguswa mbele hurushwa kushoto. La pili, tuna mbwa. Mbwa wetu ni mstaarabu, hajisaidii hadharani, hutafuta mahali palipojificha. Na kwa wiki sita, uani kwetu kulikuwa na mahali pengi palipojificha.

Sikuona kitu. Nilihisi tu uzi umepita kwenye kitu laini ambacho si jani. Maelekezo kutoka kushoto yakakatika katikati ya neno.

Nikazima mashine. Niligeuka kwa hatua, kwanza kichwa, halafu mabega. Baba mkwe alikuwa amesimama palepale, mikono ameitenga na mwili, macho ameyafumba. Lile shati sitalieleza. Akafumbua jicho moja.

"Mbwa ni huyu mmoja tu?"

"Mmoja tu, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Anakula vizuri."

Mke wangu alimtolea shati pekee jeupe lililokuwa tayari, yaani nusu tayari. Alilivaa mpaka jioni, kulia kama karatasi, kushoto kama ramani ya milima, na ndani ya shati hilo akamalizia ua mzima mwenyewe huku mimi nikitazama kutoka barazani, umbali wa mita 15 na ushee. Mpira wa watoto aliuona yeye. Mzima kabisa.

Mwishowe nilinunua ya betri, pamoja na betri mbili, kwa sababu moja ni mzaha. Ya petroli inamfaa mwenye shamba au mwenye subira ya kusoma viswichi. Ya waya ni nzuri mno kwa yeyote ambaye ua wake hauna maji.

Jana baba mkwe alipiga simu. Anakuja mwezi ujao. Amesema safari hii atasimama kulia.